Ofisi ya Majibu Yapokea Jibu

Saa mbili na dakika ishirini na tisa asubuhi, Jumatatu tarehe 26 Mei 1975, jibu lilipokewa. Lililetwa kwa mkono, likawekwa mezani kwangu, nikaligonga mhuri.

Natangaza jambo hili kwa fahari inayostahili. Ofisi ya Majibu ya Shirika la Kadi, hapa Bagamoyo, ilikuwa imetimiza miaka miwili na miezi mitatu tangu ifunguliwe. Ilikuwa na katibu mmoja, ambaye ni mimi, tarishi mmoja, mihuri minne, na Kamati iliyokwisha kukaa vikao ishirini na sita vya kujadili majibu. Posho za vikao zililipwa zote. Majibu yenyewe hayakuwahi kuja.

Wasioijua kazi yetu huuliza ofisi ya majibu ni ya nini. Nitaeleza kwa ufupi. Shirika la Kadi lilianzishwa na Mwenyekiti wake, Ndugu Alawi, aliporudi kutoka Ulaya alikokaa siku kumi na moja. Alirudi na masanduku mawili na wazo moja: kwamba wenzetu huko hawabebi fedha, hubeba kadi. Tukachapisha kadi za mkopo, za karatasi ngumu ya kijani, ukubwa wa kiganja. Mwenye kadi alifika kwenye duka letu, akachukua alichokitaka, akaweka dole gumba kwenye hati ya mauzo mbele ya Mwenyekiti, akaenda zake. Mwisho wa mwezi alilipa. Asipolipa, Shirika lilimshitaki.

Mdaiwa asipofika mahakamani, hukumu hutolewa ya upande mmoja, naye hupewa siku thelathini za kuijibu. Mwenyekiti aliona si vizuri raia ahangaike kutafuta maneno ya kujibu. Akaunda ofisi yetu, akaagiza majibu yote yapitie kwake kabla ya kwenda kwa hakimu, na tukamtengenezea mdaiwa fomu. Fomu hiyo, namba MJ/3, ina visanduku vitatu. Cha kwanza: Nakubali. Cha pili: Nakubali sana. Cha tatu: Nakubali na ninashukuru. Rasimu ya mwanzo ilikuwa na kisanduku cha nne, Sikubali, lakini Mwenyekiti alikifuta katika kikao cha pili ili kubana matumizi ya karatasi. Niliandika kwenye muhtasari kuwa hoja ilipita bila kupingwa. Ilikuwa kweli. Mjumbe ambaye angepinga, Mwalimu Tarcis wa Miono, alikosa basi siku hiyo.

Ofisi hufunguliwa kila Jumatatu, saa mbili hadi saa mbili na nusu.

Hukumu zetu zilitekelezwa bila ubaguzi. Kwa mujibu wa Waraka wa Nne wa Mwenyekiti, kila kitu kilichochukuliwa kwa kadi hukamatwa popote kilipo, na kikiwa kimevaliwa, kivuliwe. Kipengele hicho cha mwisho kiliongezwa kwa ajili ya mkulima mmoja wa mananasi wa Kiwangwa, aliyedhani kwamba shati likiwa mwilini ni lake. Alivuliwa kwenye kituo cha basi, mbele ya abiria. Mwenyekiti aliliita tukio hilo elimu kwa umma.

Nirudi kwenye siku ya jibu.

Saa mbili na dakika tano niliona watu wawili mlangoni. Wa kwanza alikuwa mwanamke mfupi wa miaka kama arobaini, kavaa buibui, kashika karatasi. Wa pili alikuwa mtu mzima, kabeba kopo la samli lililofungwa kitambaa. Huyo nilimjua. Ni Bi Mwanaharusi, mama mkwe wa Mwenyekiti.

"Hodi hapa."

"Fomu mnayo?" niliuliza.

Bi Mwanaharusi aliweka kopo chini. "Wewe si Raymundi, mwana wa Gertruda wa pale misheni?"

"Ndiye."

"Na kwa Gertruda mkigongewa mlango huanza na fomu?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sasa uliza hiyo fomu yako."

Yule mdogo alinyoosha karatasi yake. Ilikuwa nakala ya hukumu, yenye alama za gundi kwenye pembe nne. "Mimi ni Bimdogo binti Msabaha. Nasikia nadaiwa."

"Hudaiwi tu, bibi. Umehukumiwa."

"Haya, nimehukumiwa. Lini?"

"Tarehe 30 Aprili. Shilingi mia saba na tisini. Una hadi Ijumaa hii kujibu. Usipojibu, Jumamosi dalali atachukua cherehani."

"Hiyo cherehani ndiyo inayotulisha, mimi na wanangu watatu. Baba yao hayupo tena. Mkija kuichukua, mje na nafasi ya watu wanne kwenye gari, maana na sisi hatutakuwa na la kufanya pale nyumbani."

Nilimweleza kuwa maombi ya usafiri hupitia idara nyingine.

"Mimi sikuchukua kitu," akasema. "Mume wangu Mtoro alifariki tarehe 11 Januari. Nikakaa eda miezi minne na siku kumi. Sikuvuka kizingiti. Nimetoka juzijuzi, tarehe 19. Sasa nilikuja lini dukani kwenu?"

Msomaji wa pwani hahitaji maelezo. Msomaji wa bara aelewe tu kwamba mwanamke aliyefiwa na mume, wakati wa eda, hatoki nyumbani bila dharura na haonani na wanaume wasio ndugu zake. Jambo hili linajulikana mjini kuliko siku ya mshahara. Tena nyumba ya Bimdogo iko ng'ambo ya barabara, hatua thelathini na nne kutoka mezani kwangu. Mimi mwenyewe sikumwona akitoka kwa miezi minne. Lakini hakuna aliyeniuliza.

"Mahakama iliarifiwa kuwa ulikataa kupokea samansi," nilisema, nikamwita tarishi.

Tarishi wetu ni Kombo, mtu mwaminifu. Alieleza bila kuyumba. "Nilipiga hodi mara tatu. Wakatoka wanawake wawili, wakaniambia mwenyewe yuko edani, haonani na wanaume. Nikatazama fomu yangu. Ina Amepokea, Amekataa, Amehama, Amekufa. Kuhama, hajahama. Kufa, aliyekufa ni mumewe. Nikaona Amekataa ndiyo iliyo jirani."

Sioni kosa katika hoja hiyo hata leo.

"Na kadi yangu mnayo nyinyi," Bimdogo akaendelea. "Mwezi wa kumi na mbili mlizikusanya zote, mkasema mnazihakiki. Mpaka leo mnahakiki?"

Uhakiki ulikuwa kazi ya Mwenyekiti peke yake. Kadi arobaini na tatu ziliingia kwenye mtoto wa meza yake, na ufunguo ukaingia mfukoni mwake. Nilimwambia mama huyo kuwa taarifa za uhakiki ni siri, nikampa MJ/3.

Aliisoma. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Pa kuandika *sikuchukua* ni wapi?"

"Hapapo."

"Basi nitaandika nyuma."

Nilitafuta kanuni ya kumzuia. Sikuiona. Akaomba kalamu, akaandika kwa utulivu mistari saba, kuanzia kulia kwenda kushoto. Mimi nilisoma misheni, herufi za Kiarabu sizijui. Nilimwuliza kwa nini haandiki kama watu wengine.

"Ndivyo nilivyofundishwa chuo cha Kurani, na ndivyo watu wengine walivyoandika mji huu tangu babu zao. Kanuni yako inasema jibu liwe kwa herufi zipi?"

Haikusema. Saa mbili na dakika ishirini na tisa nikagonga mhuri. Zilibaki sekunde chache za kazi, nikazitumia kufuta wino kwenye kidole.

Mwenyekiti aliarifiwa. Kesho yake, tarehe 27, alitoa Waraka wa Kumi na Tano unaokataza mtu yeyote kuandika nyuma ya fomu. Kwa bahati mbaya waraka haurudi nyuma. Jibu la Bimdogo lilikuwa limekwisha kupokewa, na kwa mujibu wa kanuni lilipaswa kusomwa mbele ya Kamati.

Kamati ilikaa Jumatano tarehe 28 Mei, saa nne asubuhi. Waliohudhuria: Ndugu Alawi, Mwenyekiti; Mwalimu Tarcis, Mjumbe, aliyelipata basi; na mimi, Katibu. Vikao vyetu ni vya wazi. Mwenyekiti mwenyewe aliviweka wazi mwaka 1973, kwa kuwa hakukuwa na anayekuja. Siku hiyo walikuja watu kama arobaini, wengi wao wanawake. Waliokosa nafasi walisimama madirishani. Mbele kabisa aliketi Kibibi, mke wa Mwenyekiti.

Bi Mwanaharusi alipoingia, Mwenyekiti aliinuka. Kwa kanuni za Shirika Mwenyekiti hamwinukii mtu. Kwa kanuni za mji, mama mkwe akiingia, unainuka. Ilichukua muda, kwa sababu Ndugu Alawi ni mtu mwenye kiuno kipana na kiti chake kina mikono.

"Jibu lisomwe," Mwenyekiti alisema.

"Katibu hajui herufi hizi," nilisema.

"Mwalimu Tarcis?"

"Mimi nafundisha hesabu."

"Basi liahirishwe hadi apatikane mtaalamu."

"Mkwe wangu," Bi Mwanaharusi alisema kwa upole, "wewe si ulihitimu chuo kwa Mwalimu Msabaha, baba yake huyu Bimdogo? Au zile sahani za wali tulizokula siku ya kuhitimu tulikula bure?"

Mwenyekiti alichukua karatasi. Bi Mwanaharusi alisogeza kiti nyuma ya bega lake.

"Kwa Shirika la Kadi," alisoma Mwenyekiti. "Baada ya salamu. Mimi Bimdogo binti Msabaha nimeisoma hukumu... hm... nami nakubali..."

"Mstari wa pili umeuruka," alisema Bi Mwanaharusi.

"Wino umefifia hapa, mama."

"Umefifia kwako. *Nami nashangaa.* Soma."

Akasoma. Nililinakili jibu lote kwa herufi zetu, na linasema hivi:

"Nimeisoma hukumu nami nashangaa. Mnasema nilichukua redio ya shilingi mia nne na kumi, godoro la futi sita la shilingi mia mbili arobaini na tano, suruali mbili za kiume za shilingi mia moja na kumi, na mkanda wa shilingi ishirini na tano. Redio mtu wa eda hapigi. Godoro ninalo, na sasa limenizidi upana. Suruali mmeandika kiuno inchi arobaini na nne. Marehemu kiuno chake kilikuwa ishirini na nane, mimi ndiye niliyekuwa nikimshonea. Mtu wa inchi arobaini na nne nyumbani kwangu hayupo. Mtafuteni kwenu."

Sitaandika kuwa watu wote waligeuka kumtazama Mwenyekiti kiunoni, kwa sababu wawili hawakugeuka. Mmoja alikuwa mimi, niliyekuwa nikiandika. Wa pili alikuwa Mwenyekiti.

"Maneno tu," alisema. "Shirika hufanya kazi kwa ushahidi. Nani anathibitisha kuwa alikaa hizo siku?"

Bi Mwanaharusi alifungua kopo la samli. Ndiye somo wa Bimdogo, aliyemfunda tangu usichana na aliyekaa naye eda yote. Kila alfajiri baada ya kusali alitia punje moja ya mahindi katika kopo. Mwalimu Tarcis alizimwaga kwenye kitambaa cha kijani cha meza ya Kamati, akazihesabu, akapata 127. Akahesabu tena, akapata 129. Nikapendekeza tuchukue wastani. Wastani ukawa 128, na ndizo siku zilizopo kati ya tarehe 11 Januari na tarehe 19 Mei. Ushahidi ukapokewa.

Kisha Mwalimu Tarcis akaomba hati nne za mauzo. Zilikuwa za tarehe 3 Februari, 18 Februari, 6 Machi na 27 Machi. Alimwomba Bimdogo aweke dole gumba kwenye karatasi nyembamba, akaipandisha juu ya dole la kwenye hati. Dole la Bimdogo liliingia lote ndani ya lile lingine, na likabaki na nafasi ya kugeuka.

"Dole huvimba kwa joto," alisema Mwenyekiti. "Februari ni mwezi wa joto."

"Na kiuno je?" ilisema sauti dirishani.

Mwenyekiti aligonga meza. Punje ziliruka. "Sikilizeni! Mama huyu alikuja mwenyewe. Alipewa kadi yake, akachukua vitu, akaweka dole. Mimi nilikuwepo, nimetia saini. Kiongozi hawezi kutia saini jambo ambalo halikutokea!"

"Ipo hiyo saini?" aliuliza Bi Mwanaharusi.

"Ipo, mama."

"Juu yake pameandikwa nini?"

Mwenyekiti alinitazama. Nikasoma. Ni maneno yaliyochapwa kwenye kila hati, aliyoyatunga yeye mwenyewe ili wananchi wawe na imani: "Nathibitisha kuwa mwenye kadi alifika ofisini kwangu, tukiwa wawili tu kwa ajili ya kulinda siri ya mteja, mlango umefungwa, nikamwona uso, akaweka dole. Ikiwa si kweli, deni hili ni langu."

Bi Mwanaharusi alirudi kitini, akakunja mikono.

"Mkwe wangu. Wawili tu?"

"Ndiyo utaratibu, mama."

"Na mlango?"

"Hufungwa. Kwa ajili ya siri."

"Na uso ulimwona."

"Utaratibu unataka..."

"Sikuulizi utaratibu. Ulimwona, hukumwona?"

"Nili... nilimwona."

"Mara ngapi?"

"Hati ziko nne."

Bi Mwanaharusi alimgeukia binti yake. "Kibibi, umesikia? Mumeo kajifungia chumbani na mtu wa eda. Si mara moja. Nne. Na hao wawili, katika kukaa kwao, wakaona wanunue godoro."

"Makubwa haya!" ilisema sauti nyuma.

"Na redio ya kuwaimbia!"

"Loo, marehemu Mtoro hata udongo haujakauka!"

"Na yeye ndiye aliyekaa matangani kwenye jamvi la mbele, analia kuliko wafiwa!"

Kibibi hakupaza sauti. "Baba watoto, hilo godoro liko wapi? Kwangu halikufika."

Mwenyekiti alisema swali hilo haliko kwenye ajenda.

"Basi liingizwe kwenye Mengineyo," alisema Kibibi.

Bimdogo aliinuka. "Ndugu Mwenyekiti, mimi sina mume wa kunisemea. Nina kaka wawili Pangani. Niwapelekee habari kuwa umesema mbele ya watu kwamba ulikuwa ukiniona uso, mlango umefungwa, ndani ya eda yangu? Wao si watu wa fomu."

"Wako njiani tayari," ilisema sauti ya dirishani. Baadaye nilichunguza, haikuwa kweli. Lakini wakati huo haikuwa imechunguzwa.

Mwenyekiti alimtazama mama mkwe wake, akamtazama mkewe, akautazama mlango, ambao ulikuwa umejaa watu. Kisha akasimama, safari hii bila kuchelewa, na kiti kikasimama naye.

"Sikumwona! Wallahi sikumwona! Hakuja hata siku moja! Kadi ilikuwa kwenye mtoto wa meza yangu tangu Desemba, ufunguo ninao mimi! Huyu mama sijamwona uso tangu kabla ya mazishi!"

Ilikuwa saa tano na dakika kumi na saba. Niliandika maneno hayo kama yalivyosemwa. Mwalimu Tarcis alinisaidia kulitoa kiti.

Watu walipotulia, Mwenyekiti aliinama karibu na sikio langu. "Hayo usiyaandike."

"Yameandikwa, Ndugu Mwenyekiti."

"Yafute."

"Kanuni ya Tisa: neno la Mwenyekiti halifutwi. Uliipitisha katika kikao cha kwanza. Tulipiga makofi."

Muhtasari, kwa mujibu wa Kanuni ya Kumi, hupelekwa kwa hakimu ndani ya siku mbili pamoja na vielelezo. Kombo aliupeleka Alhamisi asubuhi, na kwenye fomu yake safari hii kulikuwa na kisanduku kilichofaa: Amepokea.

Ijumaa tarehe 30 Mei, siku ya thelathini, hakimu alimwita Ndugu Alawi. Alimwuliza kama saini kwenye hati ni yake. Akasema ni yake. Akamwuliza kama maneno ya kwenye muhtasari ni yake. Akasema alikuwa amepandwa na hasira. Hakimu akaandika: ni yake. Hukumu dhidi ya Bimdogo binti Msabaha ikaondolewa, na dalali akaarifiwa kuwa cherehani haiguswi. Deni lenyewe lilibaki, kwa sababu mali ya Shirika ilitoka na lazima mtu ailipe. Hati ilikuwa imekwisha kusema ni nani. Jina likabadilishwa. Mengine yote katika hukumu yalibaki kama yalivyoandikwa na mwanasheria wa Shirika, kwa ustadi mkubwa.

Mdaiwa alipewa siku thelathini za kujibu.

Jumatatu tarehe 2 Juni, saa mbili na dakika ishirini na mbili, nilipokea mdaiwa wa pili katika historia ya ofisi yetu. Alikuja kwa mguu na hakukaa.

"Nipe fomu, Raymundi."

Nikampa. Akaisoma kwa umakini ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Kisanduku cha kukataa kiko wapi?"

"Kilifutwa, Ndugu Mwenyekiti. Kikao cha pili. Karatasi."

"Nitaandika nyuma."

"Waraka wa Kumi na Tano, Ndugu Mwenyekiti. Wa tarehe 27 Mei. Saini yako ni ile kubwa."

"Nitarudi kesho."

"Ofisi hufunguliwa Jumatatu."

Alishika kalamu. Nje ya dirisha alikuwepo Kibibi, anasubiri, kashika kikapu. Mwenyekiti akatia alama kwenye Nakubali. Nilimkumbusha, kwa heshima, maneno yake ya kila mwaka kwamba kiongozi ni mfano kwa anaowaongoza. Akaikata alama hiyo, akaweka nyingine kwenye kisanduku cha tatu. Nikagonga mhuri. Kwa hiyo kumbukumbu za ofisi zinaonyesha kuwa Ndugu Alawi alikubali na anashukuru.

Aliyekubali hangojewi siku thelathini. Ni Waraka wa Sita.

Jumanne tarehe 3 Juni, saa tano asubuhi, dalali wa mahakama, Ndugu Majaliwa, alianza kazi na orodha ya vitu vinne. Redio aliikuta ofisini kwa Mwenyekiti, ikisoma bei za korosho. Godoro aliambiwa liko Kerege, barabara ya Dar es Salaam, katika nyumba ambayo Mwenyekiti alisema haijui. Kibibi aliomba lifti kwenye lori. Taarifa ya Ndugu Majaliwa ni fupi. Inasema Mwenyekiti hakuitambua nyumba, ila mwanamke mwenye nyumba alimtambua Mwenyekiti kwa kutajwa tu, na alijua hata jina analoitwa na mama yake. Godoro lilipakiwa. Kibibi alirudi amelikalia, na hakuna aliyemsemesha njia nzima.

Suruali ya kwanza ilipatikana kwenye kamba ya kuanikia nguo.

Saa tisa alasiri na dakika ishirini dalali aliingia tena ofisini. Mwenyekiti alikuwa kwenye kikao na Mwalimu Tarcis na mimi, ajenda ikiwa ni kufuta Waraka wa Nne. Tulikuwa bado kwenye kufungua kikao.

"Samahani, Ndugu Mwenyekiti," alisema Majaliwa. "Kimebaki cha mwisho na nusu. Suruali ya pili na mkanda."

"Nitaleta kesho."

"Waraka unasema popote kilipo." Akaufungua, akausoma hadi mwisho, polepole, kama mtu anayetafuta njia ya kumsaidia mwenzake. "Kikiwa kimevaliwa, kivuliwe. Yule wa Kiwangwa alikuuliza kama anaweza kuleta kesho. Mimi nilikuwepo. Ulisema sheria haina kesho."

Mwalimu Tarcis na mimi tulitazama ukuta. Mlio wa mkanda niliusikia, nikaandika saa: tisa na dakika thelathini na moja.

Mwenyekiti alijifunga kitambaa cha kijani cha meza ya Kamati. Kitambaa ni mali ya Shirika, kwa hiyo nilimwandikia hati. Aliweka dole gumba. Mwalimu Tarcis alilitazama dole hilo kwa muda, akachukua moja ya zile hati nne, zilizokwisha kurudi kutoka kwa hakimu, akaviweka sambamba, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika kama mtu aliyepata jibu la hesabu ya jana.

Saa tisa na dakika arobaini Ndugu Alawi alitoka barabarani. Punje mbili za mahindi zilidondoka kutoka kwenye mkunjo wa kitambaa. Ng'ambo, barazani kwake, Bimdogo alikuwa kwenye cherehani yake, anashona. Alisimamisha gurudumu.

"Ndugu Mwenyekiti," aliita. "Suruali nashona. Arobaini na nne, sina haja ya kukupima. Shilingi ishirini, taslimu. Kadi sipokei. Nikushonee, nisikushonee?"

Watu waliokuwa barabarani walisimama kungoja atasema nini. Mimi nilibaki mlangoni na daftari, kalamu mkononi, hadi saa kumi kamili nilipofunga ofisi ya Mwenyekiti.

Jibu halikupokewa.